Mimba ya Matambara

Mama alishona tumbo lake alasiri moja ya mwezi wa sita, mvua ikipiga mabati. Mimi ndiye niliyemtungia uzi, maana siku hizo macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano. Alichukua sweta kuukuu ya Baba, akaijaza matambara na pamba ya mto uliopasuka, akaishona pembeni kwa mkono mpaka ikawa kitu cha mviringo. Akaifunga kiunoni kwa leso, akavaa gauni juu yake, akasimama katikati ya chumba.

"Inakaa ya ukweli?"

"Iko juu sana, Mama. Teremsha kidogo."

"Hapa?"

"Hapo unakaa mtu amekula githeri mingi."

Akacheka. Tulicheka wote wawili mpaka akakaa kitandani ameshika lile tumbo kwa mikono miwili lisimwanguke, na mimi nimeshika langu. Langu lilikuwa la miezi mitano. Sikumbuki kama tulicheka tena kwa jambo hilo.

Sisi ni watu wa Kariandusi. Baba anachimba udongo mweupe, ule ambao kuuchimba kumeacha mlima umetoboka kama jibini, na akirudi jioni ni macho tu yanaonyesha kwamba ndani ya huo unga kuna mtu. Mama anauza kabeji, vitunguu na sukuma wiki kando ya barabara. Mimi ndiye mtoto wao wa kwanza, na mpaka kidato cha tatu nilikuwa najua hasa ninachotaka. Nilitaka kuwa yule mtu anayesoma hali ya hewa kwenye televisheni. Watu walinicheka, lakini kwa upole. Nilikuwa nasimama mbele ya kibanda cha Mama na kutangazia wateja: "Elmenteita, mawingu kiasi. Gilgil, upepo wa kuchukua kofia. Kariandusi, vumbi jeupe mpaka wiki ijayo." Wamama walinunua kabeji huku wakiniambia niwaletee mvua. Nilikuwa nimeulizia, nikaambiwa kazi hiyo inataka jiografia nzuri na cheti cha kidato cha nne cha kukupeleka chuo. Jiografia nilikuwa nayo. Kilichobaki ni kukaa mtihani.

Mwezi wa kwanza mwaka huo ilikuja krusedi, hema kubwa na spika nne, wiki mbili mfululizo. Fundi wa mitambo alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu. Aliniona nikikaa mbele kila siku nikiangalia maiki, siyo mhubiri. Akanipa nijaribu. "Sema, testi, wan, tu." Nikasema. Sauti yangu ilienda mpaka upande wa barabara kuu na kurudi. Hakuna mtu alikuwa amewahi kunipa kitu kikubwa hivyo. Yaliyofuata sitayaandika, isipokuwa kwamba nilikuwa na miaka kumi na saba na yeye alikuwa anajua hivyo. Hema lilipong'olewa aliondoka nalo upande wa Kericho, na simu yake tangu hapo ni yule mama wa kusema mteja hapatikani.

Shuleni kwetu, kila muhula ukifunguliwa, wasichana wanapimwa mimba. Hakuna anayeuliza kama unataka. Mnapanga laini nje ya chumba cha sayansi ya nyumbani, nesi kutoka zahanati anawabonyeza tumbo mmoja mmoja, na ukipita unawekwa alama ya kalamu mkononi, ndiyo mwalimu wa zamu akuruhusu kuingia darasani. Muhula wa pili, laini ilikuwa ndefu na kelele ni nyingi.

"Wewe umekula nini likizo? Unatembea kama bata."

"Si ni chapati za kwenu."

"Nesi akikubonyeza, usitoe hewa, tafadhali. Tuko watu nyuma."

Mimi ndiye niliyesema hilo la hewa. Nilikuwa sijui, ama nilikuwa najua kwa upande mmoja wa kichwa na kukataa kwa upande mwingine. Nesi alibonyeza mara moja, akabonyeza tena, akatulia. Hakuniandika mkono. Aliniambia nikae kwa benchi, na nilipokaa nikaona laini yote inaniangalia.

Mwalimu mkuu hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Enda nyumbani, uje na mzazi. Sitaongea na wewe peke yako, nitaongea na mzazi."

Mama hakwenda. Hapo ndipo kosa letu lilipoanza, lakini wakati huo tuliliona kama akili. Mama alisema akienda ofisini ataandikwa kwenye kitabu, mimi nitaandikwa, na kitabu kikishaandikwa hakuna shule nyingine itanichukua. Alikuwa na hakika kwamba msichana aliyezaa harudi darasani. Wakati wake ilikuwa hivyo. Yeye mwenyewe aliachia kidato cha pili kwa sababu yangu. Siku ya nne, akipanga vitunguu, akatoa mpango wote kama mtu anayesoma orodha.

"Aliye na mtoto hawamtaki. Lakini aliye na ndugu mchanga nyumbani, nani atamfukuza? Mimi nina miaka thelathini na sita, naweza kuzaa bado. Mtoto ni wangu. Wewe utaenda kwa anti yako Kiamunyi uzalie huko, nije nimchukue, mwezi wa kwanza uingie shule ya huko, ukae mtihani wako. Basi."

"Na Baba?"

"Baba yako ameshakubali."

Baba alikuwa mlangoni, anajimwagia maji miguuni. Hakugeuka. Alisema, "Fanya vile mama yako anasema," akaendelea kusugua udongo ambao ulikuwa umeshatoka.

Kwa hiyo Mama akabeba. Kila baada ya wiki kadhaa alifungua mshono akaongeza tambara. Alianza kutembea ameshika kiuno. Kanisani walimpa kiti cha mbele. Wamama wa chama chake cha kuchangishana pesa walimletea unga wa uji wa wimbi, na yeye akapokea, akashukuru, akarudi nyumbani akauweka juu ya kabati bila kuufungua. Kule mgodini wanaume walimpigia Baba makofi ya mgongo: "Mzee, kumbe bado uko kwa gemu!" Aliwachekea. Ndugu yangu mdogo ndiye aliyetuambia hayo, alikuwa ameenda kumpelekea chakula. Alisema Baba alicheka vizuri kabisa, halafu chakula hakukimaliza.

Nilikaa ndani mwezi mzima nikivaa koti la Baba, Mama akiwaambia watu nina vidonda vya tumbo, nikasafirishwa Kiamunyi, karibu na Nakuru, asubuhi moja kabla watu hawajafungua maduka. Anti yangu, dada mdogo wa Mama, anakaa chumba kimoja kwenye ploti ya mabati na kufulia watu nguo. Hana maneno mengi na hana ubaya. Nilimsaidia kuanika, nikawa nawatabiria wapangaji kama nguo zitakauka, na wengi wakaanza kuniuliza kabla ya kuloweka. Nilikuwa mchangamfu hata wakati huo, naomba mnisamehe. Nilikuwa nimepewa mpango na niliuamini. Nilifikiri ni kama kupita kwenye handaki, unainama kidogo, unatokea upande wa pili.

Nilizaa mwezi wa kumi, mchana, chumbani kwa Anti, mkunga akiwa mama mmoja wa ploti ya pili. Mtoto alikuwa msichana. Alikuwa mzito na mwenye hasira. Alinyonya siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano Mama alikuja kutoka Kariandusi na tumbo lake kubwa, akaingia chumbani, akalifungua, akaliweka chini ya kitanda cha Anti. Akamfunga mtoto mgongoni. Kwa watu wa nyumbani alikuwa amekuja kuona dadake, akashikwa na uchungu njiani.

"Usimwangalie sana," akaniambia mlangoni. Hakusema kwa ukali. Nafikiri alikuwa anajaribu kunisaidia.

Walipoondoka, Anti alitoa kabeji moja kutoka kwa gunia ambalo Mama alikuwa ameleta. Akabandua majani makubwa ya baridi, akanifunga nayo kifuani, akakaza kwa leso. Hiyo ndiyo njia yetu ya kukausha maziwa. Majani yanaiva kwa joto la mwili, yananuka kama chakula kilichosahaulika kwa sufuria, unayatoa, unaweka mengine. Ilichukua siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa mkavu, na Anti akasema nimefanya vizuri.

Mwezi wa kwanza Mama akarudi, amevaa viatu vya kanisa, akanipeleka shule ya kutwa hapo Kiamunyi. Mwalimu mkuu alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Aliniuliza maswali ya jiografia akaridhika, akasema nitaingia kidato cha nne, lakini nitasoma kama punda.

"Muhula mbili ulikuwa wapi?"

Mama akajibu kabla yangu. "Vidonda vya tumbo, madam. Alikuwa anatapika kila kitu."

"Pole. Barua ya kuhama mmekuja nayo? Na matokeo yake ya msingi?"

"Nitaleta, madam."

Nilisoma kama punda. Nilikuwa darasani kabla jua halijatoka na nilitoka wa mwisho. Nilishona jina langu kwenye sweta mpya kwa uzi mwekundu ingawa si sheria. Kila wiki mwalimu mkuu aliniuliza barua, na kila wiki nilimwambia Mama kwa simu, na Mama akasema ataenda kuichukua siku ya soko ikipita. Ile barua ilikuwa mezani kwa yule mwalimu mkuu wa kwanza, ambaye bado alikuwa anangoja mzazi.

Nilienda nyumbani mara moja, wikendi moja ya mwezi wa pili. Mtoto alikuwa kwa kikapu kando ya vitunguu. Mama alikuwa anamlisha maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, na uji mwepesi. Wamama walikuwa wamemuuliza mbona hanyonyeshi, akawaambia umri umekataa. Nilimwinua. Nilikuwa nimemwacha mzito. Sasa ilikuwa kama nimeinua nguo tupu. Mikono yake ilikuwa na mikunjo kama ya mtu mzee, na macho yake yaliniangalia bila kutaka chochote.

"Usimshike hivyo," Mama akanong'ona. Kulikuwa na wateja. "Dada hashiki mtoto hivyo."

Nikamrudisha kwa kikapu. Nikawatangazia wateja mvua ya Jumanne. Wakacheka, nikarudi Kiamunyi, nikaandika insha juu ya bonde la ufa ambayo mwalimu aliisomea darasa lote. Nikikumbuka hiyo Jumamosi ndipo ninashindwa kujisamehe, kuliko siku nyingine zote.

Wiki mbili baadaye Mama alinipigia nikiwa shuleni kwa simu ya Anti, ambaye alikuja mpaka dirishani kwa darasa, mikono bado ina povu la sabuni. Kliniki ya Gilgil ilikuwa imempima mtoto na kumkimbiza hospitali kubwa ya Nakuru. Nikaenda na sketi ya shule.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na kila kitanda mama na mtoto. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kona, amempakata, na nesi amesimama mbele yake na kadi. Nesi huyo alikuwa msichana tu, pengine ananizidi miaka mitano, na alikuwa amechoka.

"Mama, nimekuambia, dawa ya huyu ni ziwa. Hana ugonjwa mwingine. Mweke anyonye, nione anavyoshika."

"Hayatoki, daktari."

"Hata kama hayatoki. Mweke."

Mama alinitazama mimi, halafu akafungua vifungo vya gauni. Mbele ya wale wamama wote akatoa ziwa lake, ambalo lilinyonyesha mara ya mwisho miaka kumi na moja kabla, akamweka mtoto. Mtoto alifungua mdomo, akashika, akavuta mara tatu, akaacha. Hakulia. Alikuwa hana nguvu za kulia. Mama akamweka tena. Akaacha tena. Nesi akainama, akaliangalia lile ziwa kwa karibu, akaangalia kadi, akamwangalia Mama usoni.

"Nauliza mara moja. Mama wa huyu mtoto ni nani?"

Mama alikuwa anafunga vifungo na vidole vinakosea matundu. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akaacha kumenya ndizi.

"Ni mimi," nikasema.

Nilikuwa nimevaa sweta ya shule, ya kijani, na jina limeshonwa kwa uzi mwekundu. Nesi alinitazama kutoka viatuni mpaka juu. Nilingojea matusi. Akasema, "Umekausha kwa kitu gani?"

"Kwa kabeji."

"Lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Kaa hapa." Akamsukuma Mama kidogo kwenye kitanda ili nipate nafasi. "Yatarudi. Lakini kazi ni yako na yake. Mimi naonyesha tu."

Akaleta mrija mwembamba kama waya wa redio na kikombe cha maziwa ya dawa. Ncha moja akaiacha ndani ya kikombe, nyingine akaibandika kwa plasta kando ya chuchu yangu. Mtoto akishika ziwa anashika na mrija, akivuta anapata maziwa ya kikombe, kwa hiyo hakati tamaa, na kule kuvuta kwenyewe kunaliambia ziwa kuna mtu. Ziwa linadanganywa mpaka liseme ukweli, ndivyo nesi alivyotuambia. Kikombe lazima mtu akishike. Kikiwa juu sana maziwa yanamiminika na mtoto anapaliwa, kikiwa chini sana hawezi kuyavuta. Mama akakishika. Alikishika kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, siku sita, na hatukuzungumza juu ya kitu kingine isipokuwa juu na chini.

"Shusha kidogo, Mama."

"Hapo?"

"Hapo."

Wale wamama wa wodi walikuwa watu wazuri. Mmoja wa kutoka Ndabibi aliniita "mwanafunzi" na kunipa nusu ya chapati zake. "Mwanafunzi, leo ni somo gani?" Nikamwambia jiografia, mito. Wodi nzima ikacheka, na Mama akatabasamu akiangalia kikombe. Mtoto alipimwa kila asubuhi. Siku ya nne alilia kwa sauti, na nikatokwa na machozi kwa furaha.

Siku ya sita, Ijumaa, Anti akaja mbio. Mwalimu mkuu alikuwa amemwita. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuandikisha watahiniwa, mtandao unafungwa saa kumi na moja jioni, na jina langu haliingii.

Nilimnyonyesha saa tano, nikamwachia Mama, nikaenda. Kiamunyi si mbali. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta na amevua miwani.

"Nakuandika, inakukataa. Bado wewe ni wa shule yako ya kwanza. Lazima wakuachilie kwanza, na mwalimu wako wa kule nimempigia, anasema mzazi aje asaini kitabu chake, ndiyo abonyeze. Anasema amemngoja huyo mzazi tangu mwaka jana. Kwa nini hamjawahi kwenda?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, krusedi, sweta ya Baba, majani ya kabeji, mrija. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema lote bila kupumzika. Hakunikatiza. Nikiwa katikati nikahisi kifua kinawaka kama kimemwagiwa maji moto, nikaangalia chini, nikaona sweta ya shule imeloa pande mbili, doa linapanuka. Yalikuwa yamekuja. Yalikuja pale ofisini, juu ya mkeka wa mwalimu mkuu. Nikacheka. Nilicheka na mkono mdomoni, na yeye akainuka, akavua shali yake akanifunika.

"Msichana," akasema, "kuna mmoja wa kidato cha pili hapa anaenda nyumbani kila siku saa nne kunyonyesha na kurudi. Tunajua sisi wote. Sheria inamruhusu. Mngesema siku ile ya kwanza, mngekaa hapo, mseme tu, leo ungekuwa umeandikwa."

Niliangalia saa ya ukutani. Saa ilikuwa saba na nusu.

Baba hangeweza. Simu yake hukaa kwa msimamizi mpaka kazi iishe, na kazi inaisha saa kumi na moja. Alibaki Mama tu. Nikarudi hospitali kwa haraka, shali ya mwalimu imenifunga kifua, nikamwambia: Mama, ni kusaini tu. Shule iko pale pale, mwalimu anakungoja. Ukitoka sasa, saa tisa uko huko.

Mama aliniangalia sweta. Alinyoosha mkono akagusa lile doa kwa ncha za vidole.

"Yamerudi?"

"Yamerudi."

"Basi mimi naenda," akasema. Akajipangusa uso na leso, akauliza kama nywele zake ziko sawa. Nikamwambia ziko sawa. Yule mama wa Ndabibi akampa nauli ya kwenda bila kuombwa, na Mama akatoka haraka, bila kushika kiuno.

Nilimnyonyesha mtoto bila mrija. Alishtuka mara ya kwanza, akakohoa, akarudi kwa pupa. Nilikuwa nahesabu: sasa yuko njiani, sasa ameshuka, sasa anapita kibanda chake mwenyewe, sasa yuko getini. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Nilimwambia mtoto habari za mvua. Saa kumi simu ya Mama haikushikwa. Saa kumi na moja nesi alibadilisha zamu, akaniambia nimefanya kazi, mtoto ameongezeka, wiki ijayo tunaweza kwenda nyumbani.

Mama alirudi jua likielekea kuzama. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la kwetu, kwa hiyo nilijua amefika. Akakaa pembeni ya kitanda. Hakuvua leso.

"Nilifika mpaka getini," akasema.

Nikamhamisha mtoto mkono wa pili.

"Kulikuwa na wamama watatu wa chama. Walikuja kulipa karo. Wakanisalimia, wakauliza mtoto yuko aje, wakasema wananiombea." Alikuwa anaongea akiangalia miguu yake. "Wakabaki hapo hapo, wananingoja tuingie pamoja. Soja wa geti akaniuliza, mathe, unatafuta nani? Nikamwambia hapana, sitafuti mtu. Nikaenda nikakaa kwa steji ya matatu. Nilisema watatoka, niingie. Walipotoka, nikasema napumzika kidogo. Nikaangalia saa yangu, nikaona bado. Nikaangalia tena, nikaona imepita."

Yule mama wa Ndabibi aligeukia ukuta, akajifanya analaza mtoto wake.

Kuna maneno niliyokuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nimeyapanga tangu saa kumi, na yalikuwa makali, na mengine yalikuwa ya kweli. Nilimwangalia mama yangu, mwanamke aliyebeba matambara miezi minne mbele ya kanisa zima, kwenye jua, akiuza kabeji, ili mimi nisikae nje ya darasa. Alikuwa amebeba mpaka mwisho. Kitu alichoshindwa ni kufungua mbele ya watu.

"Umekula?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Nikampa nusu ya chapati iliyokuwa imebaki. Hakuila. Mtoto akaanza kulia, na Mama, kwa mazoea, akainuka kutafuta kikombe na mrija. Nikamwambia havitakiwi tena. Akabaki amesimama katikati ya wodi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Mtihani ule waliufanya wenzangu. Mimi ninaosha vyombo kwa hoteli moja Gilgil, na nafasi ya kukaa kwa kaunta imepita mara mbili kwa sababu wanataka cheti cha kidato cha nne. Kwenye karatasi za serikali binti yangu bado ni mdogo wangu. Ili nirudi darasani lazima yule mwalimu mkuu wa kwanza aniachilie, na mwaka huu nimeshamwambia Mama sitamtuma. Nitaenda na mtoto mgongoni, niingie naye mpaka ofisini. Mama amesema nimwambie siku. Hajasema kama atakuja, na mimi sijamuuliza.